Land Rover ya 1978 niliyoinunua Mtama: miezi kumi na moja barabarani

Nilitafuta gari la shamba karibu mwaka mzima. Ninaishi Mtwara mjini, mikorosho yangu iko chini ya Newala, upande wa kuteremkia bonde la Ruvuma, na anayeijua njia ile wakati wa mvua haniulizi kwa nini sikuchukua gari dogo. Lami inakusindikiza hadi Mnivata. Ukishapita hapo, inategemea mkandarasi amefika wapi na mvua imenyesha wapi.

Magari ya zamani niliyoonyeshwa na madalali yalipendeza sana kwa macho. Moja lilikuwa fupi, milango miwili, kijani kibichi, viti vimeshonwa upya, redio inaimba. Nikainama, nikakuna chesi, ile fremu ya chini inayobeba gari, kwa bisibisi karibu na springi ya nyuma. Ilidondoka puti, ule udongo wa mafundi wa kuzibia matundu. Nikakuna tena kidogo pembeni, puti tena, imepakwa rangi nyeusi juu ili ifanane na chuma. Nilimrudishia dalali ufunguo na sikuzungumza bei.

Ndipo binamu yangu aliyeko Lindi akanipigia kwamba kuna mzee Mtama anauza Land Rover yake kwa sababu macho hayamruhusu tena kuendesha. Nilipanda basi asubuhi, nikashukia Mtama kabla jua halijawa kali. Gari lilikuwa chini ya banda la makuti, limeinuliwa juu ya magogo manne, tairi hazigusi ardhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na mkeka?"

Nikauliza mkeka wa nini.

"Wa kulalia. Gari kama hili unalikagua ukiwa chini yake. Huku juu ni alumini, itang'aa mpaka wajukuu zako."

Alimtuma mjukuu alete mkeka, nami nikaingia chini na tochi. Nataka kila anayetafuta gari la namna hii kusini alishike neno la mzee yule. Bodi ya Land Rover za zamani ni aloi ya alumini, haioti kutu kama bati. Lakini chesi inayoibeba ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni chuma pia. Gari lililolala miaka mingi Mikindani au Shangani limepigwa na upepo wa chumvi kila usiku. Bodi inabaki nzuri huku chini pameisha. Hili liliishi Mtama, mbali na bahari, na kila mwaka kabla ya mvua mzee alipaka chesi yote oili chafu kwa brashi. Nilipoigonga kwa bisibisi ilijibu kwa mlio mkavu wa chuma kizima, kuanzia mbele hadi boriti ya nyuma. Kutu niliikuta sehemu moja tu, sakafuni chini ya pedali ya klachi, pana kama kiganja. Mzee alikuwa ameshaniambia kabla sijaiona.

Ni Series III ya 1978, ile fupi inayoitwa 88, kwa maana ya inchi 88 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Series III zilitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1985. Injini ni ya petroli, silinda nne, cc 2,286. Milango ya abiria ni miwili, na nyuma kuna mlango wa kupakilia. Mbele wanakaa watatu, nyuma kuna mabenchi mawili yanayotazamana. Rangi ni ile ya krimu iliyotoka nayo kiwandani, imepauka kwenye boneti. Sikuipaka rangi mpya na sitaipaka.

Kilichonimaliza kabisa ni kauntabuku. Mzee aliliandika tangu alipolinunua gari, mistari imepigwa kwa rula, kalamu ya bluu: tarehe, oili ya injini, oili ya giaboksi, oili ya difu (gia za kwenye ekseli), plagi, fundi gani, bei gani. Mwaka mmoja una mstari mmoja tu: "Halikutembea. Nilikuwa naumwa. Liliwashwa kila Jumamosi." Niliusoma mstari ule mara mbili nikiwa bado nimekaa kwenye mkeka.

Aliomba milioni 12, tukapeana mikono kwenye 10 na nusu. Namba ya chesi na ya injini nilizisoma kwa tochi moja moja, mjukuu akizifuata kwenye kadi. Mkataba tuliuandika kwa wakili Lindi, na umiliki nikauhamisha TRA mwezi uleule. Msikubali kuendesha gari la zamani kwa kadi yenye jina la mtu mwingine. Mwenye kadi akifariki mtasumbuana na warithi kwa miaka.

Sasa kuhusu kuliendesha. Kwenye lami raha yake ni kilomita 70 kwa saa, na ukilazimisha zaidi ya 80 hamsikilizani na aliye pembeni yako. Usukani ni mzito, hauna msaada wowote, na kuegesha sokoni ni kazi ya mabega. Chini ya kioo cha mbele kuna vifuniko viwili unavifungua kwa mkono, upepo unaingia moja kwa moja kifuani. Joto la Mtwara linavumilika hivyo, ila ukipishana na lori kwenye vumbi uwe na mkono mwepesi wa kuvifunga.

Kazi yake halisi niliiona Februari. Tulikuwa tunateremka kutoka Newala, mimi na wifi yangu, mvua imekatika nusu saa nyuma, udongo mwekundu umelainika kama uji. Kwenye Land Rover hii kuna virungu viwili kando ya gia kubwa. Cha njano ukikibonyeza chini, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Chekundu ukikivuta nyuma gari likiwa limesimama, unapata gia nzito, na magurudumu yote manne yanaingia kazini yenyewe. Nilisimama juu ya mteremko, nikavuta chekundu, nikaweka namba moja, nikatoa mguu kwenye pedali zote.

"Wifi, shika breki!" 

"Breki hapana, wifi. Ukishika tunateleza."

Gari lilishuka kwa mwendo wa mtu anayetembea na ndoo kichwani. Injini yenyewe ndiyo iliyolishikilia, inanguruma chini kwa chini, magurudumu yanazunguka polepole bila kuteleza hata mara moja. Kwenye kona tulilipita gari la abiria limelala ubavu kwenye mtaro, abiria wamekaa juu ya tuta wazima wote, tukawachukua akina mama wawili wenye watoto. Wifi aliachia mshikio wa mlango tulipofika chini kabisa. Kitu kimoja mkumbuke: magurudumu manne ni ya matope na mchanga. Ukiliacha hivyo kwenye lami kavu unakaza propela (shafti ya kuzungusha ekseli) na difu, kwa sababu gari hili halina difu ya katikati ya kugawa mzunguko kati ya mbele na nyuma.

Limenisumbua wapi? Breki. Zote nne ni za ngoma, na mwezi wa tatu silinda ndogo ya gurudumu la nyuma kulia ilianza kuvuja. Niliona mafuta upande wa ndani wa tairi. Spea haikupatikana Mtwara. Ilibidi itoke Kariakoo, Dar, ikaletwa na basi nikaipokea stendi, na fundi wangu wa Chuno akabadilisha pande zote mbili kwa pamoja. Ukivuka maji ya kufika kwenye ngoma, kanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikauke, la sivyo kanyago la kwanza linakuwa tupu na linatisha. Mvua inapita kwenye pembe za milango na kulowesha goti la dereva. Na petroli linakunywa: nimepima mara kadhaa, lita moja inanipa kama kilomita 6 njia ya shamba. Mwenye safari za kila siku asilichukue. Watoto wadogo siwaweki kwenye mabenchi ya nyuma kwa safari ndefu, hakuna mikanda.

Msimu wa salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho, nilibeba mifuko ya kilo 25 nyuma, kumi kwa safari. Salfa ikikutana na unyevu inakula chuma, kila mkulima ameliona hilo kwenye pampu yake, kwa hiyo kila jioni nilifagia sakafu ikiwa kavu kabisa ndipo nikaosha, halafu chini nikapiga maji ya bomba mpaka yatoke meupe. Oktoba nikabeba korosho kupeleka ghala la chama cha ushirika, magunia matano kwa wakati. Springi hazikulalamika.

Sehemu ya kutu chini ya klachi imekatwa na kuchomelewa bati zito. Kabla ya mvua za mwaka huu nilipaka chesi oili chafu kama nilivyoelekezwa, nikatumia ndoo moja na alasiri nzima. Mzee hupiga simu kila baada ya wiki chache. Salamu zikiisha huuliza oili ya giaboksi, nami humsomea kutoka kwenye kauntabuku, maana naendelea kuandika chini ya mistari yake. Kilichobaki ni mipira ya milango. Imeshapakiwa Dar, Ijumaa naifuata stendi.