Ndege ya Malindi, begi la kuzamia na regulita iliyodhaniwa ya meko

Nimekulia Malindi lakini kazi iko Nairobi. Februari hii nilirudi nyumbani kwa ndege nikiwa na vifaa vyangu mwenyewe vya kuzamia, mara ya kwanza tangu nivinunue. Zamani nilikuwa nikikodi kila kitu huko huko, hadi siku niliyopewa jaketi la kuzamia, lile la kujazwa hewa, linalovuja, nikachoka. Shirika lenyewe sitalitaja. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Wahudumu wana adabu na rubani alitua kama anayeweka yai mezani. Mbili walizopoteza nitazieleza.

Nyota ya kwanza ilienda na kilo. Baadhi ya ndege ndogo za kuja pwani zinaruhusu kilo 15 tu, begi la mkononi likiwa ndani ya hizo hizo, na zinataka begi laini lisilo na magurudumu magumu. Sasa piga hesabu: jaketi la kuzamia, mapezi, suti ya unene wa milimita 3, miwani, regulita (mipira na kidude cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi), saa ya kuzamia na tochi. Kwenye mizani ya muuza viazi jirani yangu zilifika kilo 11 na kitu. Nikaongeza zawadi za mama, viatu na kompyuta ya kazi, nikafika kaunta na kilo 19. Kilo nne zilizozidi nililipia pesa ambayo Malindi ingeninunulia samaki wa wiki. Kwa kuchelewa kujua silaumu mtu, nilisoma masharti usiku wa kuamkia safari, ila nyota imeenda.

Mtungi wa hewa usithubutu kubeba. Wa alumini wa lita 11 ukiwa mtupu ni kama kilo 14, yaani utasafiri wewe na mtungi na mswaki. Tena ndege haipokei mtungi uliojaa; wengi wanataka valvu ifunguliwe au itolewe kabisa waone ndani hamna kitu. Mitungi na vizito vya risasi vya kiunoni, vile vya kukushusha majini, kodi ufikapo, Malindi na Watamu vipo.

Regulita, saa na miwani nilibeba mkononi, na nakushauri nawe ubebe. Suti ikipotea utaazima. Regulita unayoijua ndiyo pumzi yako chini ya maji. Ila jiandae na askari wa eksirei.

"Dada, hii mipira ni ya nini?"

"Ni regulita."

"Ya meko?"

"Hapana, ya mtungi."

Nilijipalia makaa. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mkubwa wao, wote wakauliza mtungi wa gesi nimeuficha wapi. Mwishowe nikatia kile cha mdomoni mdomoni, nikavuta pumzi mbele ya foleni nzima. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Mwacheni mwanangu, huyo ni mvuvi wa kisasa." Tangu siku hiyo sisemi regulita wala mtungi uwanjani. Nasema kifaa cha kupumulia baharini.

Kisu cha kuzamia kilikuwa kwenye begi la chini, salama. Kikata-kamba kidogo nilichokisahau kwenye mfuko wa miwani kilibaki kwao. Betri za akiba za lithiamu za tochi kaa nazo mkononi, begi la chini haziruhusiwi, na iliyo ndani ya tochi itoe, tochi isije ikawaka yenyewe safarini.

Bahari sitaisimulia sana. Kaskazi ilikuwa imetulia, mto Sabaki haujaanza kumwaga tope la masika, na ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, inayolindwa tangu 1968, niliona kasa wawili kabla sijaweka sawa miwani.

Sasa nyota ya pili. Nilizamia mara mbili kwa siku, siku tatu mfululizo, na Jumamosi saa tisa alasiri nikatoka majini kwa mara ya mwisho. Ndege yangu ilikuwa Jumapili saa kumi jioni. Magharibi ujumbe ukaingia: ndege imesogezwa, sasa ni saa moja asubuhi. Hizo ni saa 16. Aliyezamia siku kadhaa anatakiwa asubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na mimi hupenda 24. Naitrojeni iliyoingia mwilini chini ya maji hutoka polepole. Ukipanda juu haraka, hewa ikapungua mgandamizo, inafanya kama soda iliyofunguliwa ghafla, ila chupa ni mishipa na viungo vyako. Na ndege ndogo nyingi hazijazi hewa ndani kama zile kubwa.

Nikapiga simu. Dada wa upande wa pili akanisikiliza, kisha akasema, "Si ni saa mbili tu zimepungua? Kama waogopa ndege, panda basi usiku huu."

Basi! Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi karibu sawa na ya ndani ya ndege kubwa ikiwa angani. Basi la usiku lingenifikisha huko alfajiri, mapema kuliko ndege yenyewe. Nilimweleza, akaenda kuuliza, akarudi: nihamie Jumatatu, lakini nilipe tofauti ya nauli. Wao ndio waliosogeza, mimi ndiye niliyelipa. Hapo ndipo nyota ilipoanguka. Bosi wangu hakuamini habari za naitrojeni, na mama naye alidhani nimetunga kisingizio cha kubaki, akafurahi akapika wali wa nazi.

Jumapili nzima suti na jaketi, vikishaoshwa kwa maji baridi, vilining'inia kwenye kamba ya uani vikipigwa na upepo. Kumbe ndiyo ilikuwa dawa ya mizani. Suti iliyolowa ni mzigo wa kilo peke yake. Jumatatu uwanjani Malindi kaunta ilisoma 14.6, na humo ndani mlikuwa na chupa ya achari ya maembe.