Viungo vya pilau ya kuku soko la Virunga, Goma: yule mama wa viungo vizima anashinda paketi zote

Mwenye haraka nampa jibu mapema: kama unataka kupika pilau ya kuku nyumbani hapa Goma na itoke na harufu ya kweli, ile jirani anaanza kuuliza nani ana sherehe, achana na masala ya paketi, nenda soko la Virunga uulize mahali wanauza viungo, kuko mama mmoja mwenye meza ya mbao na makopo wazi, iliki, karafuu, mdalasini, jira, pilipili manga, vyote vizima, havijasagwa. Unanusa, unachagua, unalipa. Jina yake siliweki hapa kwa sababu sijamuomba ruhusa, lakini ukifika utamjua, njo yule anaambiaka kila mtu «nusa kwanza mwanangu, kama haiko na harufu usitoe franka». Muuzaji anayekulazimisha unuse kabla ya kulipa ni mtu anajua ana kitu gani mezani.

Sasa kuhusu paketi. Chapa sitaji, ziko nyingi kwenye maduka ya Birere na zingine zinavukaka mpaka kutoka Gisenyi kule Rwanda, ila fanya hivi, geuza paketi usome nyuma. Kawaida vitu vinaandikwa kwa kufuata uzito, kile cha kwanza njo kingi kuliko vyote. Ukikuta chumvi njo imetangulia, halafu unga wa mahindi, halafu manjano, na iliki iko kule mwisho kabisa, basi ujue franka yako imenunua chumvi. Na manjano kwenye pilau inatafuta nini? Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia, haitoki kwenye unga. Wali wa njano ni chakula kizuri, mi naupenda, lakini usiuite pilau mbele ya mtu wa Kasongo kule Maniema. Kitu ingine, harufu ya viungo iko kwenye mafuta yaliyofichwa ndani ya mbegu, siku unasaga njo yanaanza kuruka, sasa unga uliosagwa kiwandani, ukapanda lori, ukakaa stoo, ukakaa dukani kwenye jua la dirishani, unafika kwenye sufuria yako ukiwa umebaki rangi tu. Kuna moja nilifungua, nikaweka pua karibu, nikasikia vumbi.

Kwa yule mama mambo iko tofauti na nataka niseme kwa undani juu watu wengi wananunua viungo kama vile wananunua chumvi, bila kuangalia. Iliki yake ni ya kijani, ganda limefunga, ukipasua moja kwa kucha ndani unakuta mbegu nyeusi zinanata kidogo na harufu inapanda mara moja mpaka machoni. Iliki ya zamani ganda linakuwa jeupe, limeachana, mbegu zimekauka zinachezacheza ndani. Karafuu angalia kichwa, iwe na kile kidude cha mviringo juu, maana karafuu bila kichwa imepoteza nguvu. Bonyeza kijiti kwa kucha, ikiacha mafuta ni nzuri. Na ukifika nyumbani tupia chache kwenye kikombe cha maji, nzuri inazama ama inasimama wima, ile iliyokwisha inalala juu ya maji. Za huyu mama zinasimama. Yeye anasema zinatoka Zanzibar na Pemba, zinapitia Dar mpaka zinatufikia, na mi namwamini juu ya ile harufu.

Pilipili manga njo ya kuangalia sana, na hii nasema kwa masoko yote, si kwake: kuna watu wanachanganya na mbegu za papai zilizokauka. Zinafanana ukiangalia haraka. Ya papai iko ndefu kidogo na nyepesi, ukiitafuna haikuwashi kama pilipili, ya kweli iko mviringo, imekunjamana na inawasha mpaka kooni. Kwake nimetafuna mbele yake, hakukasirika, akaniambia «tafuna ingine».

Mdalasini wake ni lile gamba nene gumu, si ule mwembamba wa kukunjwakunjwa. Kwa pilau hakuna shida, gamba nene linavumilia moto mrefu, ukivunja vipande viwili unaweka hivyo hivyo.

Kasoro ziko, nazo nisizifiche. Jira yake inakuwaka na mchanga na vijiwe vidogo, na hapa Goma unajua vumbi yetu ya volkano, nyeusi, inaingia kila mahali, makopo yakiwa wazi basi inaingia pia. Lazima umwage kwenye sinia upepete na uchague kabla ya kukaanga, la sivyo unakuja kusikia kitu kinavunjika kwenye jino katikati ya chakula, na mgeni akiwa mezani ni aibu. Pia pembeni ya meza anauza na unga wake mwenyewe aliosaga, ameufunga kwenye vifuko vidogo vya plastiki. Huo acha. Amesaga kwa mikono yake sawa, lakini shida ni ileile ya paketi, umekaa juani. Nilimwambia na yeye mwenyewe akakubali kwamba anauwekaka kwa ajili ya wale hawana kinu. Na chenji ni tatizo, nenda na noti ndogondogo, na noti zisiwe zimechanika.

Beyi siandiki kwa uhakika juu inapanda na kushuka na dolari, ila viungo vya sufuria moja kubwa vinakutoka rahisi kuliko paketi mbili, na anaongezaka matabishi, karafuu tatu nne ama kipande cha mdalasini, bila kuombwa.

Sasa jinsi navitumia, juu viungo vizuri kwenye mikono ya haraka vinaharibika bure. Kwa kilo moja ya mchele na kuku mmoja: jira vijiko viwili vya chakula, pilipili manga kijiko cha chai, iliki nane mpaka kumi, karafuu sita, mdalasini vipande viwili. Usizidishe karafuu, inakuwa ya mganga wa meno. Jira, pilipili na nusu ya iliki naziweka kwenye kikaango kikavu juu ya babula, lile jiko la makaa, yenye makala (makaa) kidogo, natingisha mpaka jira inabadilika rangi kidogo tu, natoa haraka, inapoa, natwanga kwenye kinu pamoja na kitunguu saumu na tangawizi. Karafuu, mdalasini na iliki iliyobaki vinaingia vizima.

Kuku nachemsha kwanza na chumvi na tangawizi, kisha namkaanga vipande vikauke ngozi. Hapa chagua vizuri: wa kienyeji ana supu tamu lakini anataka muda, yule wa frigo analainika haraka na anatoa maji mengi, kwa hiyo supu yake inakuwa nyepesi. Mi nachukua kuku wa mayai ambaye amechoka kutaga, nyama ngumu ndiyo, mchemshe tu taratibu, supu yake inabeba pilau yote. Ile supu usimwage hata kijiko, njo maji ya kupikia mchele.

Vitunguu vinne vikubwa, mafuta ya kutosha, na hapo njo penye kazi yote. Usiondoke. Vinalainika, vinakuwa vya dhahabu, vinaenda kahawia, na kati ya kahawia na kuungua ni pumzi mbili tu. Vikifika kahawia weka vile vilivyotwangwa, koroga, vijiko viwili vya supu ili visishike chini, halafu kuku, mbatata ukipenda, kisha supu. Viungo vya huyu mama hapo vinafunguka, jikoni panabadilika kabisa, na hii njo tofauti na paketi ambayo inanukia wakati unamimina tu kisha inanyamaza.

Kitu ambacho mapishi mengi ya watu wa pwani hayasemi kwa sababu wao wako chini kule baharini: Goma iko juu, karibu mita 1.500, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 95 hivi, hayafiki 100. Kwa hiyo mchele unachelewa kuiva. Mtu anafuata mapishi ya Mombasa neno kwa neno, anafunua anakuta moyo wa mchele bado mgumu, anasema mchele mbaya, kumbe ni mlima. Loweka mchele nusu saa, tumia supu kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele na ongeza robo ukiona bado, kifuniko kizito kisichopitisha mvuke, na supu ikikaribia kukauka punguza makala chini, weka mengine juu ya kifuniko, acha. Usifunue kila dakika. Usikoroge, unageuza mara moja tu kwa upole kutoka pembeni. Mchele uwe mrefu usioshikana, ule wa harufu kutoka Tanzania ukiupata ni mzuri sana na hivi viungo, havipigani.

Kachumbari ya nyanya na kitunguu, ndimu, pilipili ya kwetu pembeni, imetosha.

Kwa hiyo huyu mama nampa nyota nne kwa tano, hiyo moja naishikilia juu ya mchanga wa jira, na siku akianza kufunika makopo yake nitampa yote. Nenda asubuhi, kabla jua halijapiga meza na kabla wapishi wa harusi hawajafika, hasa siku za kuelekea Idd na zile za harusi za mwezi wa nane, na anza na iliki juu njo inaishaka ya kwanza.