Kazi Finland: uombe ukiwa nyumbani, au upitie chuo?

Swali hili halichoki kuulizwa. Tuanze na pesa, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kuomba kazi ukiwa nyumbani ni nafuu: mwajiri akikukubali, unalipia kibali na tiketi. (Wakala akidai ada ya kukutafutia kazi, kimbia; sheria ya Finland inakataza kumtoza mtafuta kazi.) Chuo ni mzigo. Tangu 2017 wanafunzi kutoka nje ya Ulaya hulipa karo kwa shahada za Kiingereza, maelfu ya euro kwa mwaka, na wa chuo kikuu huonyesha akiba ya euro 800 kwa kila mwezi.

Uhakika? Hapa chuo kinapata pointi. Kibali cha masomo kinaruhusu kazi wastani wa saa 30 kwa wiki, na ukihitimu unaweza kuomba miaka 2 ya kutafuta ajira. Lakini usipige hesabu kwamba kibarua kitalipa karo. Bila Kifini hata kazi ya usafi hugombewa.

Aliyeajiriwa moja kwa moja ana mshahara tangu mwezi wa kwanza, ila kibali chake kimefungwa kwenye kazi. Akiipoteza, kwa kawaida ana miezi 3 kupata nyingine.

Fundi bomba au mchomeleaji mwenye uzoefu, sioni akifuata nini darasani. Kijana wa kidato cha sita mwenye ufadhili, hilo ni jambo jingine. Muuguzi ajifunze Kifini kwanza, njia yoyote atakayoshika.