Deutschlandticket au tiketi ya jimbo? Uchambuzi wa tiketi za treni kwa matembezi ya siku moja Ujerumani

Karibuni tena. Leo nachambua tiketi, maana kila wikendi ikikaribia jua zuri, meseji zinaanza kuingia: dada, tunataka kwenda ziwani, tunataka kwenda milimani, tukate tiketi gani tusiumie? Mifano yangu ni ya jimbo la Bayern kwa sababu ndiko ninakoishi, lakini aliye Leipzig au Freiburg naye atapata hesabu yake humu.

Tuanze na inayosifiwa kuliko zote, Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, mwaka 2025 ikapanda hadi 58, na tangu Januari 2026 ni 63. Kwa pesa hiyo unapanda treni za mikoa nchi nzima, zile zenye herufi RB na RE ubavuni, pamoja na S-Bahn (treni za mjini na vitongoji vyake), tramu, treni za chini ya ardhi na mabasi ya kawaida. Treni za masafa marefu, ICE na IC, zisahau. Kama unakwenda kazini kila siku kwa treni, wala usiendelee kunisikiliza, nunua hiyo, na matembezi ya Jumamosi yatakuwa bure juu yake.

Tatizo ni kwamba watu wanainunua kwa mkumbo. Mtu anakaa karibu na kazi, anatembea kwa miguu, mwezi mzima anatoka mara moja, na bado anakatwa euro 63. Halafu ile si tiketi ya kununua na kusahau: ni mkataba unaojirudia wenyewe kila mwezi, na ukitaka kuacha lazima usitishe kabla ya tarehe 10 kupita, la sivyo mwezi unaofuata unakatwa tena. Ukimchukulia mgeni aliyekuja kutembea, weka ukumbusho kwenye simu siku hiyohiyo. Tena ina jina la mtu mmoja. Huwezi kumwazima shoga yako Jumapili kwa kuwa wewe umelala.

Sasa ninayoipenda mimi: tiketi ya jimbo, Wajerumani wanaiita Länder-Ticket. Karibu kila jimbo lina yake au linatumia moja na majirani. Bayern ina Bayern-Ticket, Sachsen, Sachsen-Anhalt na Thüringen wana ya pamoja, na ile ya Niedersachsen inakufikisha hadi Bremen na Hamburg. Ni ya siku moja, watu hadi watano.

Bayern-Ticket mtu wa kwanza analipa euro 30 na ushee, kisha kila anayeongezeka ni kama 10 hivi. Bei hubadilika, kwa hiyo iangalie tena kabla ya kulipa. Ukiwa peke yako, ni ghali, tusidanganyane. Safari mbili tu za peke yako kwa mwezi na umeshafika bei ya Deutschlandticket. Lakini jazeni watano: jumla inakuja 70 na ushee, kila mmoja anatoa kama euro 15, mnazunguka jimbo zima mpaka usiku. Watu hao hao watano wakichukua Deutschlandticket kwa ajili ya safari moja ni euro 315. Brandenburg na Hessen ndio wamerahisisha kabisa, bei yao ni moja iwe mko wawili au watano.

Na wenye watoto, sogeeni. Kwenye Bayern-Ticket, watoto wako au wajukuu wako walio chini ya miaka 15 wanapanda bure, hata wawe kikosi cha mpira. Bibi akija kutoka Moshi anaweza kuwabeba wajukuu wote kwa tiketi yake moja. Ila mtoto wa dada yako, ambaye kwetu ni mwanao tu na hakuna mjadala, kwa mkaguzi ni abiria wa kuhesabiwa akishafika miaka sita. Mhesabu mapema, kwa sababu idadi ya watu haiongezwi baada ya tiketi kutoka.

Twende kwenye mashine. Utachagua tiketi, kisha tarehe, kisha idadi ya wasafiri. Hapo kwenye idadi ndipo watu wanapobonyeza haraka wakidhani watarekebisha mbele, na mbele hakuna marekebisho. Tiketi ikitoka ina nafasi za majina. Yajaze kwa kalamu, ya wote, kabla ya kupanda. Mkaguzi akifika anaisoma ile karatasi na vitambulisho vyenu mkononi, na wengi wao ni wapole kabisa mpaka wakute nafasi iko tupu. Anayekutwa hana tiketi halali hutozwa euro 60. Ukinunua kwenye simu majina unaandika humo humo, lakini chaji ya simu iwe imejaa, maana simu iliyozima ni sawa na kutokuwa na tiketi mbele ya yule bwana.

Masharti ya muda. Jumatatu hadi Ijumaa Bayern-Ticket inaanza saa tatu asubuhi, kwenye ratiba ni 9:00, na inakwisha saa tisa za usiku wa kuamkia kesho yake. Wikendi na sikukuu inaanza usiku wa manane. Kwa hiyo Jumanne, treni ya 8:40 si yako. Mkiona mtachelewa, kuna njia: kateni tiketi ya kawaida mpaka kituo ambacho treni itasimama saa tatu ikiwa imeshagonga, kuanzia hapo Bayern-Ticket inashika. Vijijini jambo hili ni zito kuliko mjini, kwa kuwa treni inaweza kuwa moja kwa saa, na ukiikosa ya 9:05 asubuhi yako yote imeliwa.

Nichukue mfano wa Tegernsee, ziwa zuri, kama saa moja tu kutoka mji wa München. Treni za huko zinatokea upande wa pembeni wa stesheni kuu, majukwaa ya 27 hadi 36, na kutembea kutoka lango kuu ni dakika kadhaa za haraka. Sasa sikiliza vizuri: treni hiyo inakatwa vipande njiani. Ikifika Holzkirchen kipande kimoja kinakwenda Bayrischzell, ikifika Schaftlach vilivyobaki vinaachana tena, kimoja Tegernsee na kingine Lenggries. Nyote mko kwenye treni moja, tiketi ni sahihi, mnapiga soga, na ghafla mko bonde jingine. Soma kioo cha juu ya mlango kabla ya kukaa. Ukishaingia kipande kisicho chako, shuka Holzkirchen uhame.

Na kwa Tegernsee huenda hata Bayern-Ticket si ya lazima. Tangu Desemba 2023 eneo hilo limeingia kwenye mtandao wa MVV, usafiri wa München na majirani zake, na MVV wana tiketi ya kikundi ya siku, watu wazima hadi watano, isiyo na habari ya saa tatu. Linganisheni bei zote mbili kwenye programu ya simu kabla hamjalipa. Watu wachache hukumbuka kufanya hivyo.

Mkitaka kwenda mbali, Bayern-Ticket inawafikisha hadi Salzburg, ambayo ni Austria. Treni inakubali, ila ukirudi polisi wa Ujerumani huwa wanakagua mpakani, kwa hiyo pasipoti na kibali cha kuishi viwe mkobani, si kabatini. Mabasi ya mjini Salzburg yana tiketi yake. Treni ya meno ya kupanda mlima Zugspitze nayo ina tiketi yake, na si rahisi hata kidogo. Baiskeli pia inakatiwa ya kwake.

Ucheleweshaji sasa, maana treni za huku zinachelewa kuliko tulivyosimuliwa. Kwa tiketi hizi za punguzo huruhusiwi kurukia ICE eti kwa sababu treni yako imechelewa. Fidia ya kuchelewa saa nzima ni euro 1.50, na hawalipi chochote mpaka ifike euro 4. Mimi sihangaiki nayo. Ninachohangaika nacho ni herufi tatu, SEV: ukiziona kwenye ratiba, njia iko kwenye matengenezo na mtabebwa na basi. Basi hilo linakula muda, na mara nyingi baiskeli halichukui. Mkiwa na watoto wadogo, siku hiyo chagueni njia nyingine.

Kama bado umekwama, niandikie hapo chini: mnatoka mji gani, mko wangapi, watoto ni wa nani, na mnaweza kusubiri mpaka saa tatu au la. Nitawapigia hesabu.