Kutoka injekta kwenda kabureta mbili: ununue zipi kwa injini ya silinda nne?

Gari la injekta huwaka asubuhi bila kubembelezwa, hujipimia mafuta lenyewe, na halijali kama uko pwani au juu mlimani. Ukifunga kabureta mbili, zinazochanganya mafuta na hewa bila kompyuta, hayo unayaacha. Wapo wanaotaka ule mlio wa hewa ikivutwa kooni mwa kabureta, wapo waliofiwa na kompyuta ya gari na spea haipatikani, na wapo wanaohamishia injini ya karibuni kwenye bodi la zamani na hawataki fungu la waya. Sababu zote hizo nazielewa. Ukiniambia unataka kuokoa mafuta, funga boneti urudi nyumbani.

Kabla hujaulizia bei ya kabureta, jibu swali hili: nani atachoma plagi? Kompyuta iliyokuwa ikifungua injekta ndiyo hiyohiyo inayoamua cheche itoke lini. Ukiitoa, utahitaji distribyuta (kigawa cheche) yenye vizito vya kusogeza taimingi, yaani wakati wa cheche, kutoka toleo la zamani la injini hiyohiyo kama lipo, au kisanduku kinachojitegemea cha kuongoza koili, kinachosoma gurudumu la krenki na sensa ya kipepeo cha hewa, kile kinachofunguka unapokanyaga mafuta. Wengi hununua kabureta kwanza, kisha wanagundua fedha ya kisanduku haipo. Na kama gia ni otomatiki inayoongozwa na kompyuta hiyo, mimi nisingegusa kabisa.

Pampu nayo. Mfumo wa injekta kwa kawaida huenda kwenye presha ya bar 3 hivi, na kabureta inataka kama bar 0.2 tu. Ukiacha pampu ya zamani, sindano ya boya, inayozuia petroli kabureta ikijaa, haitafunga, na petroli itamwagika juu ya ekzosi yenye moto. Nunua pampu ya presha ndogo pamoja na kirekebisha presha chenye geji.

Sasa kabureta zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni jozi ya Weber 40 DCOE mpya. Kila kabureta ina makoo mawili, kwa hiyo kila silinda inapata koo lake. Kampuni ya Edoardo Weber ilianzia Bologna, Italia, mwaka 1923. Siku hizi DCOE halisi hutengenezwa Hispania. Ni ghali, lakini nimeiweka juu kwa sababu kila kinachopima mafuta na hewa ndani yake kinafunguliwa kwa bisibisi na kubadilishwa, na jeti zake (vitundu vya kupimia mafuta na hewa) bado zinauzwa moja moja. Hata pa kuanzia panajulikana: zidisha kipenyo cha koo la ndani, pale hewa inapobanwa, kwa 4 upate jeti kuu, ongeza 50 upate jeti ya hewa. Koo la ndani la milimita 32 linakupa jeti kuu ya 125 au 130, na ya hewa ya 175 au 180. Injini ya 1600, yaani cc 400 kwa silinda, huanza vizuri na bomba la mchanganyiko la F16. Hapo gari litatembea. Kulifanya litembee vizuri ni kazi nyingine.

Usishawishike na 45. Namba hiyo ni kipenyo cha kipepeo, na kinachoamua mwendo wa hewa ni koo lililo ndani. Kwenye injini ya barabarani ya 1600 hadi 2000, makoo makubwa hupunguza kasi ya hewa, mafuta hayachanganyiki, na gari linakwama kila unapokanyaga ukiwa mwendo wa chini. 45 ni za injini iliyobadilishwa kemshafti na inayoishi kwenye mizunguko mikubwa. Nakala za bei rahisi zinafanana sana na halisi kwa macho. Ukizinunua, kagua shafti ya kipepeo na uso wa kufungia kabla ya kulipa.

Ya pili, kwa mwenye mfuko mwembamba: kabureta za pikipiki. Ndiyo, ni nne na wala si mbili, lakini seti iliyotumika kutoka pikipiki ya michezo ya cc 600 hadi 1000 huwa nafuu kuliko Weber moja mpya. Pistoni iliyo ndani ya kabureta hizi hupandishwa na mvuto wa hewa, kwa hiyo mguu mzito hauizamishi injini. Kero ni manifoldi, yaani mabomba ya kuunganisha kabureta na injini, kwani nafasi kati ya makoo mara nyingi hailingani na matundu ya silinda hedi, na itabidi uichomelee. Angalia diafragamu (ngozi ya mpira inayopandisha pistoni) moja moja dhidi ya mwanga. Tundu la sindano tu linatosha kukusumbua wiki nzima.

Ya tatu ni SU pacha, kama zile HS4 za inchi moja na nusu zilizokuwa kwenye gari la michezo la MGB la cc 1798. Koo hujibadilisha lenyewe, na kila kabureta ina jeti moja na sindano moja. Kelele ni ndogo, na nguvu ya juu kabisa nayo ni ndogo. Kwa gari la kila siku ningezipandisha hadi ya kwanza, tatizo ni kwamba manifoldi ya kuzifunga kwenye injini ya kisasa ni nadra kuipata tayari.

Ya nne: Dellorto DHLA au Mikuni PHH zilizotumika. Si kwamba ni mbovu. Toyota ilifunga Mikuni kwenye injini zake za 2T-G na 18R-G, na Dellorto hukaa kwenye manifoldi ileile ya DCOE. Ila jeti zake si za Weber, na nyingi zimechoka. Tikisa shafti: ikicheza, inavuta hewa, na hakuna jeti itakayoponya hilo.

Vitu vidogo vya kuongeza kwenye oda: mipira ya kufungia kabureta ili mtikisiko usitoe povu kwenye petroli, geji ya kulinganisha mvuto wa makoo, na valvu ya njia moja ya busta ya breki. Pima nafasi hadi kwenye busta na ukuta wa bodi kabla ya kuagiza, si baada. Uliza pia sheria ya ukaguzi wa moshi inasemaje. Sehemu nyingi gari lililotoka na injekta na katalisti (kisafisha moshi) halipiti bila vitu hivyo.

Injekta, manifoldi na kompyuta vya zamani viweke kwenye sanduku, kila soketi na lebo yake. Atakayekuja kulinunua gari hilo baadaye ataviuliza kabla hata hajasikia mlio.