Nilikata tiketi ya kasri la kale, nikaishia mlango wa pili

Magofu na majumba ya kale ndiyo safari zangu, na kiingilio sijawahi kukigombania. Ukuta wa karne kadhaa haujitunzi wenyewe; fundi chokaa anataka ujira, mlinzi wa usiku naye vilevile. Kwa hiyo nilipokata tiketi ya kasri hili mtandaoni, wiki mbili kabla ya safari, bei haikunishtua. Kilichoniuma ni kile ambacho tiketi haikusema.

Geti la kwanza halikuwa na shida. Wanaskani simu, unapita. Nikazunguka bustani, nikafika kwenye mlango wa kumbi za ndani, zile zenye dari za nakshi ambazo picha zake ndizo zilizojaa kwenye ukurasa wa kununulia tiketi. Mlinzi akaitazama simu yangu: "Hii ni ya nje tu. Kumbi zina tiketi yake, na ina saa." Za siku hiyo zilikuwa zimekwisha. Nyuma yangu palikuwa na mama na wanawe wawili, nao wamenunua ile ile. Mdogo akachungulia kwenye upenyo wa mlango mpaka mlinzi akamwomba asogee.

Sipingi kumbi kuwa na tiketi yake, wala idadi ya watu kuwekewa kikomo. Pumzi zetu na joto la miili yetu vinaharibu. Pango la Lascaux kule Ufaransa lilifunguliwa kwa umma mwaka 1948, na kufikia 1963 likafungwa, kwa sababu michoro ya kale ilikuwa inaota mwani. Pompeii, magofu ya mji wa Kirumi kule Italia, wameweka kikomo cha watu 20,000 kwa siku tangu Novemba 2024, na tiketi ina jina lako. Petra, mji wa kale uliochongwa mwambani kule Jordan, mgeni anayelala nchini hulipa kiingilio kidogo kuliko anayekuja na kuondoka siku hiyo hiyo, na huo ni mpango wa bei ninaouheshimu: unamshawishi mtu akae, asije kujazana na wenzake kwa saa mbili kisha atokomee. Lakini mgeni aambiwe kabla hajatoa pesa.

Kesho yake nilirudi alfajiri, nikapata ya saa mbili asubuhi kaunta. Tuliingia watu kama 30, na ukimya ulikuwa wa kusikia nyayo zako mwenyewe. Kwenye ukuta mmoja niliona ufa, na juu yake kipande chembamba cha kioo kilichogandishwa kwa plasta pande zote mbili, kando yake tarehe kwa penseli. Mhudumu akanieleza: ukuta ukisogea, kioo kinavunjika, na mafundi wanajua. Nilisimama hapo muda mrefu. Pesa yangu ilikuwa inafanya kazi mbele ya macho yangu, na hakuna bango hata moja lililosema hivyo. Picha ya kile kioo ingewekwa kando ya bei, ni nani angenung'unika?

Nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezizuia kwa ajili ya yule mtoto mlangoni, na nimewaandikia wasimamizi waweke mstari mmoja juu ya kitufe cha kulipia: "Tiketi hii haiingii kumbi za ndani." Wewe ukienda, nunua zote mbili kwa pamoja, na uchague saa ya kwanza.