Mashine ya useremala ya kazi nyingi, mtumba: pima meza za randa kwanza

Mwaka jana nilinunua mashine ya mtumba inayopasua, kuranda, kupunguza unene, kuchonga fremu na kutoboa. Mota ilinguruma vizuri, rangi inang'aa. Siku ya kwanza nikaranda mbao mbili za mninga za meza ya chakula, nikaziegemeza ubavu kwa ubavu. Mwanga ukapita katikati. Nikarudia mara nne, mbao ikaisha, mwanga ukabaki palepale.

Kumbe meza mbili za randa, ile ya mbele na ile ya nyuma ya visu, hazikuwa usawa mmoja. Kwenye mashine nyingi za aina hii unaziinua kila unapotaka kupunguza unene, na miaka ikienda bawaba na vifungio vinalika. Mota husukwa upya, beringi zinauzwa kila kona. Bawaba iliyolika utaitafuta wapi?

Nenda na rula ya chuma ya mita nzima. Umeme ukiwa umezimwa, zungusha visu hadi vikae chini ya usawa wa meza, futa meza, zilinganishe kimo, lalisha rula juu ya zote mbili. Pitisha kipande cha karatasi chini yake kutafuta mwanya, hasa kwenye ncha za mbali. Kisha inua meza, zirudishe, pima tena. Fanya hivyo mara tatu. Vipimo vikibadilika kila ukifunga, ondoka.

Mimi ni wa Robland X31, ya Ubelgiji, wala sifichi. Ina mota tatu, kwa hiyo ya msumeno ikiungua randa inaendelea na kazi. Upana wa kuranda ni milimita 310, na meza ni chuma cha kalibu, kizito. Ya pili ni Hammer C3 31, ya Felder wa Austria: safi sana, ila bei inauma. Ya tatu, kwa mwenye nafasi, ni msumeno na randa kila kimoja mashine yake, maana hutavuruga vipimo kila ukibadili kazi. Vile vidogo vya mota moja na meza za bati, viache.

Wauzaji ndio wanaonichosha. Wanapulizia rangi juu ya kutu, meza ya kutobolea haipo, bei bado ya mashine kamili. Ukisema iwashwe, unaambiwa hapa hakuna umeme wa fezi tatu. Basi ipelekwe penye fezi tatu, iwashwe, ipasue na kuranda mbao uliyokuja nayo mwenyewe, kabla hela haijatoka mfukoni.